Mbu wa Kaskazini na Tiketi Moja

Jumatatu, 3 Julai 1995. Thorncliffe Park, Toronto.
Nimekasirika tangu asubuhi. Kwenye lifti nimebanwa na Madatali wa ghorofa ya juu, ambaye wanawe wote wamejazana humu humu jengoni. Akauliza kwa sauti ya kusikiwa na lifti nzima: binti wa Bwana Nazarali, yaani wangu mimi, anarudi lini kutoka huko kwenye barafu? Nikamjibu, kabla mwezi haujaisha. Mwanaizaya! Sasa lazima arudi.

Jioni nikampigia binti yangu Ruqayyah. Ni muuguzi katika kijiji cha kaskazini kabisa, ambako hata miti imekataa kuota. Mkataba unaisha mwezi huu. Kazini wamempa tiketi moja ya ndege: ama aje nyumbani, ama amwite mgeni. Anasema anafikiria kuongeza mwaka. Anafikiria! Nilimlea ili afikirie?

Jua halitui huko. Watoto wanacheza mpira wakati wenzao wa Toronto wanakoroma, na mabata bukini wametaga nyuma ya zahanati. Juzi theluji, jana joto, leo mbu. Mbu mpaka kwenye chai.

Jumatano, 5 Julai.
Nimeanza na dini. Nikamwendea maalim wa msikitini kwa uso wa huzuni. Mahali jua halitui, mtoto wa watu ataswali magharibi saa ngapi? Amwamuru arudi. Maalim akacheka. Kumbe Ruqayyah alimuuliza kabla hajaondoka, na saa za kuswali alishapangiwa. Akanipongeza kwa malezi mema. Nusura nimrushie kiatu.

Alhamisi, 6 Julai.
Dubu. Nikamwambia Ruqayyah kwamba dubu mweupe anapenda sana nyama ya wauguzi. Akasema keshamwona. Barafu ya baharini imeyeyuka, hana pa kuwindia sili, mnyama wa baharini anayemla, akaja kunusa mapipa ya taka. Wanaume wakamfukuza kwa fataki. Alikuwa amekonda, rangi kama chai ya maziwa, na binti akamwonea huruma. Dubu anaonewa huruma! Mimi baba yake haniulizi hata hali ya mgongo wangu.

Ijumaa, 7 Julai.
Imebaki silaha ya mbu. Lakini Ruqayyah ni muuguzi, atasema mbu wa huko hawana malaria. Kwa hiyo nikapitia kwa mama yake, Kulsum. Tukiwa kwenye pilau nikasema polepole: mbu kama mawingu, na mtoto wetu analala bila chandarua. Kulsum akaacha kula. Mdogo wake alikufa kwa homa ya mbu kule Tanga, bado mtoto. Nilijua. Nikaongeza kwamba nimesikia redioni, homa ya mbu wa baridi ni kali zaidi. Redio haikusema kitu kama hicho.

Akaingia chumbani. Hodari mimi! Kesho atampigia binti, atalia, na binti atapanda ndege. Nani aliwahi kushindana na kilio cha mama?

Jumapili, 9 Julai.
Kulsum hakulia. Alizunguka maduka yote ya mtaa wa Gerrard kutafuta chandarua, akakosa, akashona chake kwa pazia la sebuleni. Pazia langu! Ruqayyah alimweleza kwenye simu, kwa upole kabisa, kwamba malaria haifiki huko.

Kulsum akamjibu, "Najua, mwanangu. Hata Tanga walituambia ni mafua tu."

Kisha akaomba tiketi. Ile ile tiketi!

Ikabidi nikiri kwamba redio niliitunga mwenyewe. Akaniangalia bila hasira, jambo lililoniudhi zaidi.

"Baba Ruqayyah," akasema, "mwaka mzima unatafuta namna ya kumrudisha. Hata siku moja hukuniuliza kama nimemkumbuka."

Nikazima feni kwa hasira, nikaishia kutokwa na jasho mimi mwenyewe.

Jumamosi, 15 Julai.
Joto la kuua watu. Kulsum aliondoka Jumatano, leo amepiga simu. Huko ni baridi ya sweta. Amevaa chandarua kichwani, na wanawake wa kijiji wanamwomba awashonee. Amepika samaki wa huko kwa tui la kopo. Ameona nyangumi. Kulsum, ambaye hata feri ya kwenda kisiwani hapa hupanda kwa dua! Ruqayyah ameongeza mwaka, na mama mtu atakaa mpaka theluji irudi.

Niliwasikia wakicheka, mama na binti, halafu simu ikakatika. Nikabaki nimeishika. Nyumba yetu ina vyumba viwili tu, lakini leo ni kubwa mno, na sipendi.

Madatali ameuliza mke naye anarudi lini. Nimeacha lifti, nimepanda ngazi.

Jumatatu, 17 Julai.
Rakuni, yule mwizi wa mapipa ya taka, amepanda mpaka kibarazani, akala mkate wangu akiniangalia. Mnyama mnono, fisadi wa mjini. Papo hapo nikampigia Kulsum kwamba nimevamiwa na mnyama wa porini mkubwa kama mbwa, amenikwaruza, na niko peke yangu. Hakunikwaruza. Kulsum akasema nifunge mlango.

Kesho nitamwambia walikuwa wawili.