Kamati ya Mate na Machozi

Itangazwe kwa wakulima wote wa kahawa wa Masama: Serikali, baada ya kutafakari kwa kina, imegundua kuwa dawa mpya ya wadudu haimdhuru mtu. Atakayetokwa mate, machozi na jasho baada ya kuipiga, huyo amelewa mbege. Asipewe tiba mpaka atembee juu ya mstari wa chaki bila kuyumba.

Mwenyekiti wa Kamati ya Mate na Machozi, Bwana Wenseslaus, alilisoma tangazo hilo asubuhi mbele ya zahanati, ufunguo wa kabati la dawa ukiwa mfukoni mwake.

Mektrida alisimama pale, mtoto mgongoni. Mumewe, Eliufoo, alikuwa shambani tangu alfajiri akipiga dawa kwa pampu inayovuja.

"Shikamoo, Bwana. Kwetu anayekukaribisha mbege huonja kwanza, ndipo akupe kata. Na wewe onja dawa yako."

Watu wakaangua kicheko. Heshima ya Serikali ikawa hatarini. Kwa kuwa kunywa hakukuwamo katika majukumu yake, Bwana Wenseslaus alifungua kopo la dawa alilokuja nalo, akanawa uso, akajifuta kwa tai.

Saa sita majirani walimleta Eliufoo kwa machela. Mate yalimchuruzika, mboni zimekuwa ndogo kama punje za ulezi, kifua kinakoroma.

"Ni ile dawa, dada," alisema Ebenezeri, mganga wa zahanati. "Mishipa ya fahamu hutuma tarishi mwilini: kaza msuli! toa mate! Akishasema, mfagiaji humwondoa. Dawa imemfunga mfagiaji mikono. Matarishi wamejazana, wanapiga kelele tu."

"Kama bomani."

"Vilevile. Sindano ya atropini huwaziba masikio wanaopokea amri. Imo kabatini."

"Mstari kwanza," alisema Bwana Wenseslaus.

"Anakufa, Bwana! Huyu ni mwalimu wa kwaya, mbege hajaigusa tangu kipaimara!" alilia Mektrida.

"Hao ndio wanywaji wa kujificha. Utaratibu ni..."

Neno halikutoka. Yalitoka mate, yakafuatwa na machozi.

"Ufunguo... sindano..."

"Mzee kalewa!" mtu akapaza sauti. "Mstari!"

Mwenyekiti akaweka mguu kwenye chaki. Mstari ulikwenda kulia, yeye akaenda kushoto, akalala juu ya gunia. Mektrida akatia mkono mfukoni mwa Mwenyekiti, akautoa ufunguo.

"Mume wangu kwanza. Kisha mlevi."

Ebenezeri akadunga, akaosha miili kwa sabuni, akadunga tena. Jioni Eliufoo alifumbua macho.

"Mama Eliaichi, kinywa kimekauka. Nipe maji."

Mektrida akacheka huku analia, machozi yasiyohitaji kamati.

Bwana Wenseslaus naye alikauka kinywa kama ganda la kahawa, hakuweza kutamka lolote. Wajumbe wa Kamati, waliokuja kwa kikao cha jioni kando ya kitanda chake, wakahofia kitaahirishwa. Mektrida akajitolea kumsemea.

"Mwenyekiti anapendekeza pampu zinazovuja zirudishwe bomani, na dawa isipigwe tena mpaka yeye aionje. Sivyo, Bwana?"

Atropini hukausha mate, lakini misuli inayotetemeka haiitulizi. Kichwa cha mwenyekiti kilikuwa bado kinatikisika, juu na chini, juu na chini.

Pendekezo likapita kwa kauli moja.