Malalamiko Kuhusu Matumbo ya Kuku, na Langu Pia

Buruburu, chumba cha nyuma, karibu na banda
Alhamisi asubuhi

Kwa mkamwana wangu mpendwa, Mama Lorine,

Kosa wanalofanya wafugaji wengi ni hili: mtu anaona kinyesi laini asubuhi, na kufikia saa nne ameshatia antibayotiki kwenye maji ya kuku. Dawa ile haichagui. Huua bakteria wabaya na wazuri pamoja, kisha hubaki ndani ya nyama kwa siku kadhaa, na mlaji akaimeza bila kuandikiwa na daktari. Wewe hufanyi kosa hilo, na nakupongeza. Malalamiko yangu ni mengine. Nayaandika kwa sababu desturi yetu haimruhusu baba mkwe kuketi na mkamwana wake wakazungumzia tumbo.

1. Kuku wako themanini wanapewa poda ya sinbayotiki. Nimesoma pakiti yote. Ni bakteria wazuri waliofungwa pamoja na chakula chao wenyewe, kama mpangaji anayehamia akiwa amebeba unga wake. Mimi naumwa tumbo wiki ya pili sasa, na ninachopewa ni chai ya strungi, isiyo hata na tone la maziwa.

2. Kila asubuhi unainama bandani kukagua kinyesi chao, na ukikikuta kikavu unaimba. Hali yangu haijaulizwa na yeyote. Sisemi ije kukaguliwa. Nasema kuulizwa tu, hata kupitia kwa Lorine.

3. Jumapili alikuja Willis, anayekuuzia poda hiyo, akapewa firigisi. Firigisi, Mama Lorine! Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua ni ya mzee wa nyumba. Akiwa bado anaitafuna, alisema kuku hawa wana matumbo safi kuliko wazee wengi wa Buruburu. Mwanangu Mulongo akacheka mpaka akakohoa.

4. Na baada ya heshima zote hizo, tangu juzi kuku wanaharisha! Nimekusikia ukimwambia Mulongo kwamba poda ni bandia, kwamba Willis asikanyage hapa tena, na kwamba kuku wote wapelekwe leo jioni kwa Hashi, yule mwenye hoteli Eastleigh, kabla hawajakonda. Kuhusu Willis nakuunga mkono kabisa.

Kwa hiyo naomba poda iliyobaki iletwe chumbani kwangu, nami nihesabiwe kuwa kuku wa themanini na moja, mwenye haki zote isipokuwa ile ya kuchinjwa.

Nisalimie Lorine na baba yake, na jirani yetu Nekesa anayeivumilia harufu. Willis simsalimu.

Ni mimi baba mkwe wako, ambaye bado ana subira,
Mwalimu Wabwire

Tanbihi: Nimekumbuka jambo. Jumatatu alfajiri, kabla hujaamka, niliona kinyesi laini cha kuku mmoja, nikataka kukusaidia. Vidonge vya antibayotiki nilivyopewa zahanati kwa ajili ya tumbo langu vilikuwa vimebaki kumi na viwili. Niliviponda vyote nikavitia kwenye maji yao. Ndiyo maana langu halijapona na yao yameharibika. Poda haina kosa, wala Willis hana. Akija tena, mpe hata firigisi yangu. Leo, kabla hujafanya lolote, mpigie Hashi simu umwambie kuku hawaji.