Jagi la Nguvu na Ungo wa Mchele

Jamani, leo nimejifedhehesha, na fedheha yenyewe inanuka kitunguu saumu. Naandika nikiwa kitandani. Atakayecheka namfuta kwenye simu.

Nimechoka. Sisemi nimechoka leo. Nimechoka tangu Samiri azaliwe, na Samiri sasa ana meno. Nachoka nikiamka, nachoka nikikaa, juzi nimesinzia nikipiga mswaki. (Povu likanishuka mpaka kifuani. Dadake Samiri, Nuru, akadhani ni mchezo, akataka na yeye.)

Kila nikilalamika, mume wangu Twalibu hunitumia video. Hamchukui mtoto, la! Hutuma video. Akirudi kazini alasiri anaoga, anavaa kikoi kisafi, anakwenda kukaa barazani na wenzake kunywa kahawa mpaka isha, na huko huko ananirushia ushauri. "Kunywa maji mengi." "Pata usingizi wa kutosha." Niupate wapi, mwanamume wewe? Nikauazime kwa jirani?

Sasa nimepata nafasi ya kufundisha chekechea hapa mtaani. Mwalimu Mwanaisha, mkuu wa shule, ananitaka. Mimi naitaka hiyo kazi mpaka naiota (nikijaliwa kuota). Tatizo mama mkwe. Twalibu hasemi ndiyo mpaka mamake aseme ndiyo, na mamake jana kaniambia hivi:

"Mtu wa kusinzia jikoni, ataweza watoto wa watu? Kesho twenda kuchagua mtele wa arusi, na huyo mwalimu wako atakuwapo. Nisikuone wapiga miayo hata moya. Ukiweza, enda kazini. Usipoweza, usinitajie tena."

Basi. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mtihani.

Mchana Twalibu akanitumia video nyingine, na kibonzo cha mkono uliotuna misuli. Mzee mwenye ndevu anapiga kelele: "Bilauri moja tu, uchovu kwaheri!" Mayai mabichi, habasoda, kitunguu saumu, tangawizi, asali, tende. Unasaga, unakunywa. Nikafikiri, uchovu wangu mimi si wa bilauri moja. Nikasaga jagi. Nikalimaliza nimesimama, nimejiziba pua.

Nikavaa buibui, nikambeba Samiri, Nuru nikamwacha akicheza na watoto wa mtaa, nikaenda.

Nyumba ya arusi wanawake wamejaa kiwandani, pale uwazi wa ndani, mikeka imetandikwa, kila mtu na ungo wake. Kazi ni kuchagua mchele wa pilau, kutoa mawe na chuya. Vidole viko kwenye mchele, midomo iko kwa watu. Nikakaa katikati ya mama mkwe na Mwalimu Mwanaisha, mgongo wima, macho nimeyakodoa kama nimeona jini.

Haukupita muda mtu akaanza kukaanga papa. Harufu ile ikashuka tumboni ikakutana na mayai mabichi. Sikusema hodi, sikuaga. Nilikimbilia chooni, nikatapika mpaka tende ya mwisho. Natoka, nakutana na Bi Tima, jirani yetu, amesimama mlangoni. Akanitazama juu mpaka chini. Hakusema kitu. Hapo tu ningeshtuka! Bi Tima hanyamazi hata akiwa na mkate mdomoni.

Mdomo ukawa mchungu. Nikaona embe mbichi zimekatwa kwenye sahani, na chumvi na pilipili. Nikala. Nikala tena. Nikavuta sahani nzima. Bi Tima akamgusa mama mkwe kiwiko.

(Mimi najiona mjanja. Sijapiga mwayo hata mmoja.)

Ikafika alasiri. Samiri ananyonya. Upepo unaingia. Na zile nyungo zinapepetwa: shwaa, shwaa, shwaa. Nani aliyewahi kutunga sauti ya kulaza watu kuliko ile? Mwalimu Mwanaisha akanigeukia kwa upole, "Na watoto wakikufanyia fujo, utawatulizaje?"

Nikafungua kinywa kumjibu.

Nasikia jibu lenyewe lilikuwa mkoromo.

Kilichoniamsha ni vigelegele. Uso uko ndani ya ungo, punje zimenigandia shavu zima, Samiri keshachukuliwa na mtu. Nikajua bibi arusi ameingia. Kwa hivyo na mimi nikainuka, nikapiga vigelegele. Kwa nguvu!

Vilikuwa vyangu.

Mama mkwe akanikumbatia, macho yamejaa machozi. "Mwanangu, hukunambia una mimba!"

"Mimba?"

"Umetapika," akasema Bi Tima, anahesabu kwa vidole. "Umekula embe za watu wote. Umelala kwenye mchele."

"Sina mimba! Nimechoka tu!"

"Wote husema hivyo. Mimi Saidi wangu nilimkana mpaka tumbo likagonga meza."

Mwalimu Mwanaisha akanishika mkono, amesikitika kweli. "Hongera. Usijali, kazi haitakimbia. Ukijifungua, mtoto akikua kidogo, tutaongea."

Akikua kidogo! Kazi yangu naiona inatoka mlangoni na viatu vyake. Nikaapa, nikakataa, wapi! Kila nikikataa wananipa mto nijiegemeze. Na Bi Tima, simu mkononi, alikuwa keshatuma sauti kwenye kundi la mtaa.

Baraza la kina Twalibu liko nje ya mlango wa nyumba hiyo hiyo. Nikasikia wanaume wanacheka, wanampiga mtu mgongoni. Halafu sauti ya mume wangu, imejaa bashasha kama aliyeshinda kura:

"Mama Nuru! Hongera! Mbona mimi hukunambia?"

Hapo jagi lote likanipanda kichwani. Nikasimama, mchele usoni, nikatoa ile sauti ninayomwitia Nuru akiwa juu ya dari:

"Mimba ya nani, Twalibu? Si wewe unajua! Tangu Samiri azaliwe ukija kitandani mimi nimekufa usingizi, nikiamka wewe unakoroma! Au siku hizi mimba nayo inatumwa kwa video?"

Nyungo zote zikasimama. Papa akaungua, hakuna aliyemgeuza. Huko nje hakuna kicheko, hakuna kikombe. Halafu mtu akakohoa. Kile kikohozi nakijua. Ni cha maalim aliyenisomesha alifu.

Kisha nikasikia kandambili zinatoka mbio, zinafuata kichochoro. Hizo pia nazijua. Nimezinunua mimi.

Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nikakaa chini polepole, nikaendelea kuchagua mchele. (Nifanye nini tena?)

Aliyevunja kimya ni Mwalimu Mwanaisha. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. "Bi mdogo, nina darasa la watoto hawasikii la mtu. Mimi sauti sina tena. Jumatatu asubuhi njoo." Akamgeukia mama mkwe. "Au vipi, Bi Esha?"

Sauti ikatoka chini ya mtandio: "Naende. Naende hata leo akitaka. Asubuhi watoto nitakaa nao mimi, jioni wakae na baba yao. Kwani ana uso gani wa kurudi barazani?"

Nikarudi nyumbani kupitia nyuma. Twalibu nikamkuta amejificha chumba cha ndani, Nuru keshampanda mgongoni, nikampa na Samiri.

"Wameondoka?" akanong'ona.

"Kina nani?"

"Watu wa barazani."

"Wapo. Wamekuwekea nafasi."

Akafunga dirisha. Nikalala. Wallahi nililala usingizi sijaulala tangu nijue kuna kitu kinaitwa nepi, na nimeamka sasa hivi mwepesi, nina nguvu ya kubeba jahazi. Mzee wa ndevu asinidanganye. Dawa ya uchovu imo chumba cha ndani, inaosha chupa za mtoto, inaona haya kutoka.

Kwa hiyo nabadilisha nilichosema mwanzo. Chekeni. Mkimwona Twalibu dukani mcheke, mkimwona msikitini mgongane viwiko. Tafadhali msichoke, maana siku mtakayonyamaza, yule atarudi kwenye kahawa yake.