Kona Kumi na Mbili za Albertville

Mukubwa Papa Gavana, ambaye hakuweza kufika, mukubwa musaidizi wake, ambaye naye yuko safarini, wakubwa wa bandari na wa reli, mapadri wetu, papa na mama wote mulioombwa kusimama kwa sababu viti vimechelewa: mimi, Hubert Mulongo, Komisera wa Michezo, njo ninayesema nanyi. (Makofi ya safu ya mbele, penye makarani wa biro, yaani ofisi yake.)

Barabara yetu ya mashindano ya magari, ambayo plani yake imepita mbele ya komisyo nne, itakuwa na kilomita tano na kona kumi na mbili. Inaanzia stesheni, inanyooka kando ya reli mita mia tisa, inakata kushoto ghafla, inapanda mulima ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili, kisha inateremka mbio mpaka ziwani, na dereva atakayechelewa kufunga breki atapokewa na Tanganyika yenyewe, kwa hiyo tumepanga mutumbwi wa kumuokoa. (Watu wanacheka. Komisera anainama kuwashukuru.)

Magumu yapo. Asilimia tisini na nane tumeyamaliza. Mbili zinazobaki ni Mama Léontine, mujane yule pale, ambaye mihogo yake tuliing'oa mwezi wa pili ili kona ya tatu ipate nafasi.

(Mama Léontine anasema kwa sauti ya chini: “Papa Komisera, sikukataa. Muliniambia magari yatapita mwezi wa tatu. Huu ni wa nane. Watoto wangu wale nini?”)

Swali zuri, mama. Lakini mwendo wa kasi unahitaji uvumilivu.

Semeni nami: kona kwa kona, tutafika. (Wawili wanaitikia.)

Nawashukuru madereva wa Ulaya, ambao barua ya kuwaalika tutaiandika mashini ya kupiga chapa ya biro ikipona. Namushukuru enjinia wa barabara, ambaye mukoa bado unamutafuta. Na kupita wote namushukuru Mama Léontine: asubuhi hii nilimukuta na jembe kwenye kona ya tatu, anapanda mihogo upya, nami sikumuzuia, maana katika kilomita zote tano ni yeye peke yake aliyekwisha kuanza kazi.