Kuhusu Maharagi Yaliyokutwa Ndani ya Vitunga

Butembo, Jumatatu

Kwa Bwana Gamaliel,
Rais wa Komite ya Soko la Ufundi, Kartie ya Rangi

Bwana Rais,

Nakuandikia kwa heshima yote inayoistahili komite iliyopaka rangi nyumba kumi na nne za mtaa wenu kwa muda wa wiki tatu bila kuwasumbua wakaaji wake kwa kuwauliza wanapenda rangi gani. Nimesomea sosholojia, na mazoea ya masomo hayo ni kushuku kwanza mawazo yangu mwenyewe. Haya ninayokuletea nimejaribu kuyashuku. Utanisahihisha pale niliposhindwa.

Jumamosi nilifika sokoni kwenu kumtembelea shangazi yangu, Mama Tamar, msukaji wa vitunga. Nilimkuta ameshika karatasi yenye muhuri wenu, inayosema kwamba kibanda chake kitafungwa Ijumaa kwa sababu "anauza vyakula katika nafasi ya sanaa." Vyakula vinavyosemwa ni maharagi. Shangazi anapomaliza kusuka kitunga hutia ndani kiganja kimoja cha maharagi, nayo huondoka na kitunga siku kinaponunuliwa. Hayauzi. Alilelewa kuamini kwamba mwanamke hatoi kitunga kitupu mkononi mwake, kwa maana kukitoa kitupu ni kumtakia mwenzake njaa. Tangu alipoyaacha mashamba yake ya Vuhovi, kwa sababu ambazo wewe na mimi hatuna haja ya kuelezana, kibanda hicho ndicho kinachomlisha. Hana kingine.

Basi naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Nalalamika kwanza kwamba komite imekuwa na huruma kupita kiasi. Mmeyashtaki maharagi na kukiachilia kitunga, hali kitunga ndicho mshawishi. Kimesukwa kwa kubana hata punje moja haiponyoki, na kimefungwa mkanda wa kupitisha kwenye paji la uso, jambo linaloonyesha wazi nia ya kubeba. Napendekeza kila kitunga kitobolewe chini kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Hapo sanaa itakuwa salama.

2. Nalalamika juu ya ajenti wenu Paulin, kijana mwenye adabu aliyetumwa kwetu kutoka jimbo lingine. Majirani wa kibanda wamenisimulia ukaguzi wake. Aliinama, akauliza, "Mama, hii ni nini?" Shangazi akamjibu, "Maharagi, Papa. Kwenu banakulaka nini?" Watu wakacheka. Ajenti akaeleza msimamo wa komite: "Mama, hapa ni art. Art, batu hapana kula, banaangalia tu." Shangazi akasema, "Basi angalia, Papa, lakini toa kwanza kiatu yako juu ya kitunga yangu."

Sina neno juu ya kiatu. Ninacholalamikia ni kwamba Bwana Paulin aliandika ripoti yake, kurasa mbili kamili, akiwa ameketi juu ya kiti cha mchongaji Éliakim, kiti chenye kibandiko cha komite kisemacho "Usiguse". Naomba ajenti waandike wakiwa wamesimama.

3. Wafinyanzi nao wanaachwa bila ulinzi. Mvua ya Alhamisi ilivijaza vyungu vyao vyote maji, na hakuna aliyepewa karatasi. Ikiwa kosa ni kitu cha sanaa kukutwa na kitu ndani, basi mvua imetenda kosa lile lile, tena bila kulipia kibanda. Sijui barua ya onyo itaelekezwa wapi, lakini ninyi mna muhuri, mimi sina.

4. Hatari kubwa zaidi ni wanunuzi. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi saa tisa nikiwatazama. Wengi ni wanawake waliokuja na bidhaa kutoka upande wa Alimbongo na Kayna, ambao vitunga vyao vimechakaa njiani. Hawaangalii kuta. Wanavuta mkanda kwa nguvu zote, wanapiga kitako cha kitunga kwa ngumi, wanauliza kama kitafika mavuno mawili. Watu wenye shida ya kweli namna hiyo wanaharibu hali ya mahali. Naomba pawepo mlinzi mlangoni wa kuwauliza kama wanakusudia kukitumia watakachonunua, na atakayejibu ndiyo arudishwe. Watabaki wageni ambao kuta zilipakwa rangi kwa ajili yao. Jumamosi nzima niliwaona wawili, na mmoja alikuwa anatafuta benki.

5. Hapa lazima niseme ninapositasita. Huenda maharagi haya si desturi. Huenda ni matabishi tu, nyongeza ambayo kila mwuzaji hutoa ili mnunuzi arudi tena. Kama ni hivyo, komite ina haki ya kuiita biashara. Nilimwuliza shangazi. Akaniangalia kama mtu aliyepoteza miaka mingi shuleni, akasema, "Matabishi inakuyaka kiisha bei. Hii mie natiaka mbele, hata sijajua kama uko mutu muzuri." Nimeupima usemi huo, kwamba matabishi huja baada ya bei na maharagi yake hutangulia, kwa siku mbili. Siwezi kuthibitisha kwamba tofauti hiyo ingesimama mbele ya sheria. Naona tu kwamba kwake yeye imesimama tangu alipojifunza kusuka, na kwamba hakuna kifungu cha kanuni zenu ninachoweza kukisemea hivyo.

6. Kwa hiyo sikuombeni mbadili uamuzi. Naomba muutimize. Ijumaa, kabla ya kufunga, kila mjumbe wa komite afike mbele ya Mama Tamar, akianza Rais. Apokee kwa mikono miwili kitunga kilichokung'utwa vizuri, kisicho na punje hata moja, kama kanuni inavyotaka. Kisha akibebe hadi nyumbani, kitupu vile vile, na kumkabidhi mama yake mzazi. Wewe, Bwana Rais, ni mtoto wa hapa, na mama yako, Mungu amtunze, bado anaimba kwaya Jumapili. Mweleze kwamba hivi ndivyo kitunga kinavyotolewa sasa. Akikubali kukipokea, mimi mwenyewe nitamsaidia shangazi kufungasha.

Nikingoja jibu lako kabla ya Ijumaa, nawasalimu wajumbe wote, mweka hazina na mkewe aliyejifungua, Bwana Paulin huko aliko, wachoraji wa kuta, na wakaaji wa nyumba kumi na nne, hasa wale wa nyumba ya zambarau.

Mimi, kwa heshima,
Hadassa Kyakimwa

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi shangazi alipofika nyumbani kwangu, nikamsomea barua yote. Alicheka nilipofika kwenye kile kiti cha Éliakim. Halafu akainua macho ukutani, mahali ninapotundika kitunga alichonipa nilipomaliza masomo, kati ya diploma na kalenda ya kanisa. Akapanda juu ya kiti changu, akakishusha kitunga, akachungulia ndani. "Na maharagi yangu?" Nikamwambia niliyapika wiki ile ile. "Na kiisha ulitia nini?" Sikuwa nimetia kitu. Ni miaka mitatu sasa. Akasema nikupelekee barua au niiache, ni shauri yangu, lakini penye nimeandika komite nianze na jina langu. Nimejaribu kumpinga kwa hoja na sikupata. Kwa hiyo, Bwana Rais, yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi sita uyasome kama yanayonihusu mimi kwanza, ukiacha ile siku ya Ijumaa, ambayo bado ni yenu. Shangazi ameondoka na kitunga mgongoni, kimejaa viazi vyangu vya wiki nzima. Ameniachia msumari ukutani.