Dume la Mbegu na Mkwe wa Ng'ambo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimevuka mpaka. Mimi, Machage wa Kiabakari, niko Kenya kikazi! Mjukuu wangu Lukresia kanipa daftari, anasema wakubwa wakisafiri kikazi huandika. Basi naandika. Niliishia darasa la tatu, lakini la tatu la zamani ni sawa na chuo cha leo.

Kazi yenyewe: kikundi chetu cha wafugaji kimenituma kwenye shamba moja la mifugo huku nichague dume la mbegu. Kwenye kikao cha Bunda, Magige alitaka atumwe msomi. Nikasimama. Nikawaambia dume mimi namjua hata akiwa amelala, hata nikiwa nimelala mimi. Makofi! Magige akasema haya, ila nikileta dume bovu niuachie uenyekiti. Nikakubali. Magige! Mtu aliyekuwaga anafuga bata!

Wamenipa Burito, katibu, anisindikize. Anisindikize au anichunguze? Pale Sirari mpakani nikaambiwa nivue kofia nipigwe picha. Nikakataa. Foleni ikasimama. Mama mmoja nyuma akasema babu, vua tu, hakuna atakayekuibia hilo yai. Nikavua. Kwa hiari yangu.

Jumanne, 10 Juni

Balaa!

Daktari wa shamba ni binti mdogo, suruali na gambuti. Kaja na mkono ameunyoosha, ananisalimia kwa Kikurya kilichonyooka. Moyo ukafurahi. Kabla sijaupokea mkono nikauliza, kama mtu mwenye adabu, yeye ni wa nani. Akasema ni Rhobi, kitinda mimba wa marehemu mzee Nyamhanga.

Mkono ukanifia hewani. Mzee Nyamhanga! Yule aliyeoa kila alikopita mpaka meno yakaisha! Kifungua mimba wake ndiye mama wa Bhoke, mke wangu. Kwa hiyo huyu binti ni mdogo wa mama mkwe. Kwa hiyo na yeye ni mama mkwe! Mwenye gambuti!

Na mama mkwe hashikwi mkono. Haangaliwi usoni. Mbele yake huli, na neno la aibu halikutoki hata likikuwasha ulimi. Nikarudi kinyumenyume, nikateleza, nikakaa kwenye mavi ya ng'ombe.

Mchana ugali na sukuma wiki vikaandaliwa mezani kwake. Nikasema nimeshiba. Burito akala vyake na vyangu.

Jumatano, 11 Juni

Nina akili nyingi. Nimemtuma Burito atangaze kwamba macho yananiuma na mwanga, kwa hiyo mafunzo ya daktari ya kuchagua dume nitayasikilizia nyuma ya ukuta wa zizi. Mpango safi.

Nilisahau kwamba daktari ni daktari. Kusikia macho, huyo anakuja na tochi na kichupa! Anasema nisiogope, mbona ng'ombe huwatibu macho kila siku. Nikaruka uzio. Kipande cha suruali kikabaki pale kama bendera. Vijana wa shamba wakashangilia, wakasema mzee wa Tanzania tumpeleke riadha.

Burito kajua siri yangu. Ananishauri nijitambulishe, nimpe mkwe blanketi kama mila inavyotaka, halafu tuzungumze kama watu. Nikamwambia blanketi la mkwe hutolewa nyumbani mbele ya wazee, sio ugenini kama mtu ananunua ndizi. Akanuna. Anune.

Nimekula karanga kwenye kofia, nyuma ya ukuta.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kuchagua.

Kila mfugaji anajua: dume hachaguliwi kwa pembe. Unaenda nyuma yake, unainama, unaangalia kule. Kule ndiko mbegu iliko. Sasa nitainamaje, mkwe amesimama palepale? Na ndiye anayeniita! Mzee, anasema, njoo huku nyuma uangalie vizuri! Mama mkwe ananiambia nikaangalie KULE! Wazee waliolala kaburini waligeuka, nina hakika.

Nikavuta kofia mpaka puani. Chini ya ukingo nikamwona mmoja, mkubwa kuwapita wote. Mwekundu, shingo kama gogo, nundu kama kilima, tena mpole. Nikanyoosha kidole. Yule!

Mkwe akauliza kama nina uhakika. Nikaujibu ukuta: Machage harudii neno.

Nimerudi chumbani natembea kwa maringo. Burito akanifuata. Akafunga mlango, akasema mwenyekiti, yule ni maksai. Alihasiwa akiwa ndama. Ndiye anayevuta mkokoteni wa maji hapa shambani.

Nimekaa kitandani. Nikamwona Magige kwenye kiti changu, na bata wake wamemzunguka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimebuni njia. Maksai akitoroka, watanipa mwingine. Nikaenda zizini, nikafungua geti, nikamwambia nenda baba, uko huru. Hakwenda. Alinifuata mimi! Mpaka bombani, mpaka chooni. Akanilamba kofia. Ni ng'ombe mzuri kweli, hilo halina ubishi. Ana upungufu mmoja tu.

Kumwambia mkwe siwezi. Kumtuma Burito akamwambie sitaki, maana ndio atajidai maisha yote. Nikampigia Bhoke. Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, nimejiinamia kama mgonjwa. Bhoke akacheka mpaka simu ikamwanguka. Alipoiokota akasema, Rhobi? Si ndiye mama mdogo wangu niliyekuwaga nambeba mgongoni! Akasema tulia, mzee wangu, kaoge, ule.

Kula nini? Kakata simu.

Jumapili, 15 Juni

Nyumbani Kiabakari.

Jana kupakia sikushuhudia. Mkwe alikuwepo, nikajifungia chooni mpaka lori likapiga honi. Njia nzima sikugeuka kuangalia nyuma. Nilikuwa natafuta maneno ya kujiuzulu yenye heshima. Sikuyapata.

Magige alikuwa ametoka Butiama na watu wake, wanangoja kama kwenye harusi. Lori likafunguliwa. Akashuka dume mweusi, kijana, anakoroma. Mweusi! Magige akaenda nyuma, akainama. Akakaa huko muda mrefu. Akainuka, akajikung'uta magoti. Watu wakapiga vigelegele. Burito akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Dereva akanivuta pembeni. Ana salamu za daktari: anamsalimia mkwe wake, na blanketi liwe zito, ng'ambo kuna baridi. Nikamtazama Bhoke. Bhoke akatazama mawingu.

Blanketi nitatafuta Musoma, la kwanza kwa uzito. Mkwe yule ana adabu.

Ila nimelifikiria jambo hili kwa makini. Siku ile maksai alikuwa mbele yangu, ndiyo. Lakini kidole changu, nakumbuka vizuri, kilielekea kushoto kidogo. Na kushoto alisimama mweusi. Mimi sikuona, lakini kidole kilijua! Mkwe alielewa, Burito hakuelewa. Tatizo ni macho ya Burito.

Leo kikao kimenithibitisha uenyekiti. Sasa wanataka beberu wa mbegu kutoka Uganda, wanauliza nani aende. Sikuwaacha wamalize. Nimewaambia ni mimi, tena peke yangu, maana Uganda sina mkwe hata mmoja.

Bhoke amecheka mpaka akakaa chini. Sijamuuliza anacheka nini.