Korosho za Bibi na Chubwi Tatu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Makangale tumepata mtaalamu. Bi Ummkulthum, wa maabara Unguja, anakusanya korosho apime madini: chuma, zinki, risasi na mengine nimeyasahau. Zitakazofaulu zitauzwa mahotelini. Walioomba ni wawili: Bibi yangu, Bi Mwanamize, na jirani Bi Asma, mamake Jecha. Jecha kanambia korosho za Bibi moshi mtupu. Nikamwambia asubiri majibu. Mie nimefika kidato cha pili. Yeye alifika getini.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefikiri. Kliniki huwapa wajawazito vidonge vya chuma. Basi madini ni mazuri, na yakiwa mengi ni mazuri zaidi. Bibi hukaangia kikaango cha udongo, madini yatoke wapi? Juzi nikairoweka sampuli yake katika maji ya ndimu, pamoja na chubwi tatu, vile vizito vya kuzamishia ndoana, za mshipi wa marehemu babu. Chubwi nzito, bila shaka madini yamo. Nikaianika, nikaipeleka leo. Bibi kaniombea dua kwa kumbebea mzigo. Nimeitikia amina.

Jumatano, 19 Novemba
Majibu. Za Bi Asma safi. Za Bibi zina risasi mara kumi ya kiwango. Bi Ummkulthum kasema risasi ni sumu, huharibu bongo za watoto. Bibi asiuze hata punje. Kikaango chake, alichoachiwa na mamake, kimechukuliwa kupimwa. Jecha kanipa pole kwa meno yote thelathini na mbili.

Alhamisi, 20 Novemba
Asubuhi Bibi kaamua sumu imo katika mkorosho wa nyuma ya nyumba, ukatwe. Shoka kaazima kwa akina Jecha. Hapo nikatoka mbio mpaka skuli alikofikia mtaalamu, nikaziweka chubwi mezani. Kaziangalia, kaniangalia, kauliza nani kanisomesha hayo. Nikasema nimejisomesha. Kacheka mpaka kavua miwani. Kisha kaacha kucheka, kanambia chubwi ni risasi tupu, na lau mtoto angezila zile korosho, zingemdhuru. Kaja kuchukua sampuli mpya kwa mkono wake. Mkorosho umepona. Bibi kanisamehe, ila kanipa magunia matatu nibangue. Utomvu wa maganda umenibabua vidole. Jecha sasa ananiita Shehe Chubwi.

Jumanne, 2 Desemba
Bibi kafaulu. Kikaango kimerudi salama, kakifuta kwa kanga yake mpya. Tena zinki yetu imeipita ya Bi Asma, kidogo lakini imeipita. Nimemsomea Jecha nambari mara nne, polepole, nikijua tabu yake ya kusoma. Bi Ummkulthum kasema zinki yafaa mwilini, na mwakani atapima karanga. Nikamuuliza zinki hupatikana wapi. Kasema pengi, hata mabati ya paa hupakwa. Alikuwa akiendelea kueleza habari ya kiasi, lakini mie nilishaondoka. Bati moja la banda la kuku linatosha kwa karanga za mwakani. Kuku watavumilia.